Uzi wa kahawia ndani ya mrija: kisa cha samaki sita wa Kigoma waliojifunza kisichofundishwa

Siku ya 12 ya mafunzo ya kuchagua kibao cha buluu badala ya cha njano, samaki watatu waliokuwa wakipata 16 hadi 19 kati ya 20 walianguka hadi 11, 9 na 10. Wa nne hakutikisika. Maji yalikuwa yaleyale, vibao vilevile, chakula kilekile. Kilichobadilika ni zamu tu: mlishaji wa kila siku alikwenda Kasulu msibani, mwenzake akamshikia. Jioni yule mwenzake akapiga simu: "Dada, pole na msiba. Huku samaki wako wamenigomea kabisa. Nadhani wamekuzoea wewe."

Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, na si sahihi. Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia na alama za samaki ni za mfano, lakini kila kosa lililomo ni la aina inayotokea kwenye maabara za wanyama, na watafiti wanaotajwa ni wa kweli. Swali lake ni moja: mnyama anapochagua "jibu sahihi", ni kitu gani hasa kilichomwambia chakula kiko wapi?

Chumba, maji na samaki

Chumba kiko Kibirizi, karibu na ufukwe. Kina matangi sita ya kioo ya sm 60 kwa 30 kwa 33, yaani karibu lita 60 kila moja, na maji yanachotwa ziwani kwa ndoo za lita 20. Hapo Kigoma ina bahati. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9 na joto la nyuzi 25 hadi 27 karibu na uso, kwa hiyo samaki wa ziwa hili hawahitaji dawa yoyote ya kurekebisha maji. Maji ya bomba yenye klorini ni habari nyingine. Yaachwe wazi kwenye beseni, yakipulizwa hewa, kwa saa 24 kwanza.

Samaki ni Neolamprologus brichardi, mmoja kila tangi, wenye sm 6 hadi 7. Ni wa miamba, hula wadudu wadogo wanaoelea majini, na huishi kwa ukoo: wazazi wawili huzaa na wadogo huwasaidia kulinda mayai na eneo. Tabia hiyo ya kulinda eneo inafaa kukumbukwa tangu sasa, kwa kuwa samaki wa namna hii akiwekwa peke yake hachukui muda kuamua kwamba nusu fulani ya tangi ni kwake.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kizuizi cha plastiki nyeusi kinanyanyuliwa kwa kamba ya nailoni. Samaki anaona vibao viwili vya duara vya sm 3, kimoja cha buluu na kingine cha njano, vimelaminetiwa na kutenganishwa kwa sm 15. Akigusa buluu kwa mdomo anapewa tuzo. Akigusa njano vibao vinatolewa na anasubiri sekunde 30 bila kitu. Majaribio 10 asubuhi, 10 saa kumi jioni.

Tuzo ni mchuzi wa dagaa: gramu 10 za dagaa wakavu waliosagwa unga, mililita 100 za maji ya ziwa, ukachujwa kwa chujio la chai kisha kwa kitambaa chepesi. Usipochuja mara ya pili magamba yataziba mrija katikati ya zamu. Mchuzi haulali, unatengenezwa kila asubuhi, na kinachobaki kinamwagwa, maana mafuta ya dagaa huota harufu na kutandaza utando juu ya tangi. Kila kishikio cha kibao kina mrija wa dripu wa sm 40, wenye kibanio chake, uliounganishwa na bomba la sindano la mililita 1 (sindano imeondolewa). Bomba hilo lina alama za 0.01, na tuzo moja ni mililita 0.05. Samaki asiyekosea hata mara moja anakula mililita 1 kwa siku. Ukimzidishia, kuanzia jaribio la 13 au 14 ataanza kutembea ovyo na utadhani amesahau somo, kumbe ameshiba.

Kwa kuwa kibao cha njano hakilipi kamwe, mlishaji aliona hakuna sababu ya kupoteza dagaa: mrija wa buluu alijaza mchuzi, wa njano alijaza maji matupu. Wiki ya kwanza, kabla ya vibao kuwekwa, samaki walizoezwa kula kwenye ncha ya mrija. Uamuzi huo wa kubana matumizi, pamoja na wiki hiyo moja, ndivyo vilivyoharibu kazi ya siku 11.

Alama zilivyosema na zilivyoficha

Kigezo cha kufuzu kilikuwa 16 kati ya 20, siku mbili mfululizo. Ni kigezo kizuri. Anayebahatisha kati ya vibao viwili ana nafasi ya karibu 6 katika 1,000 kupata 16 au zaidi, na kurudia hivyo siku ya pili ni karibu 35 katika milioni. Siku ya 10 na 11 hali ilikuwa hivi (S1 ni samaki wa tangi la kwanza, na kuendelea hadi S6): S1 alipata 18 na 19, S2 17 na 17, S3 16 na 18, S4 17 na 16. S5 alipata 10 na 10. S6 alikomea katikati kila zamu.

Mlishaji alifurahia wanne wa kwanza na kuwahurumia wawili wa mwisho. Lakini iangalie 10 na 10 ya S5. Samaki anayebahatisha kweli huyumba: leo 8, kesho 12, keshokutwa 9. Anayepata 10 kamili kila siku hana bahati mbaya, ana kanuni. Karatasi ya kumbukumbu ilionyesha kwamba S5 alikwenda kushoto mara 20 kati ya 20, na kwa kuwa buluu ilikuwa kushoto nusu ya majaribio, alilipwa nusu. Kwake hiyo ni biashara nzuri: hatumii nguvu ya kuangalia rangi na bado anakula mara 10. S6 naye alikuwa kwenye tangi la mwisho la bomba la hewa, jiwe la kutolea mapovu likiwa limeziba kwa chokaa. Alikuwa na njaa ya hewa, si ugumu wa kujifunza.

Kigezo cha 16 kati ya 20 kinamwondoa anayebahatisha. Hakimwondoi anayetumia dokezo lingine lililokwenda sambamba na rangi, maana huyo naye anapatia kila mara, na kwa karatasi hana tofauti na aliyejifunza rangi. Hapa watu wengi hujidanganya, na si wanafunzi peke yao.

Kumtafuta aliyewadokeza

Video ya simu ndiyo iliyofungua jambo. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo nyuma ya tangi la kwanza, usawa wa macho ya samaki. Siku ya 11, kizuizi kikipanda, ndani ya mrija ulioko kando ya kibao cha buluu unaonekana uzi mwembamba wa kahawia, umesimama hadi kwenye ncha. Mrija wa njano unapitisha mwanga kama haupo. S1 hatazami kibao. Kichwa kimeelekea ncha ya mrija tangu kizuizi kikiwa nusu, na mdomo unagusa kibao kwa sababu tu kibao kiko njiani. Siku ya 12 mirija yote miwili ina uzi wa kahawia. Yule mwenzake aliijaza yote asubuhi, asihangaike kuitofautisha. S1 anatoka, anasita katikati, anageuka kulia, anageuka kushoto, kisha anakwenda popote.

Dhana haitoshi, ilipimwa kwa hatua tatu, na mpangilio wake una sababu.

Kwanza walitenganisha mtu na mrija. Dada aliporudi alifanya zamu na mirija yote miwili ikiwa na mchuzi: S1 alipata 10, S2 11, S4 9. Kesho yake mwenzake alifanya zamu akiwa amejaza mrija wa buluu peke yake: 18, 17, 17. Kwa hiyo mtu hakuwa na hatia. Isingekuwa ajabu kama angekuwa nayo, kwa kuwa mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kule Berlin kwamba farasi Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji. Tangu hapo yeyote anayesimama mbele ya mnyama akijua jibu ni mshukiwa, na ni vizuri aondolewe shaka kwa kipimo, si kwa kiapo.

Pili waliondoa rangi kabisa. Vibao viwili vya kijivu kinachofanana, mrija mmoja una mchuzi na mwingine maji, majaribio 10. S1 alifuata mchuzi mara 9, S2 mara 8, S4 mara 9. S3 alipata 5.

Tatu walimgeukia S3, ambaye sasa alionekana hodari wa darasa. Bado kulikuwa na swali: buluu ya kwenye kibao ilikuwa nyeusi zaidi kuliko njano, na asiyeona rangi kabisa angeweza kuchagua "kile cheusi". Dawa ya tatizo hili ina zaidi ya miaka 100. Karl von Frisch, katika kazi yake ya nyuki iliyochapishwa mwaka 1914, aliweka karatasi ya buluu katikati ya karatasi za kijivu za viwango mbalimbali vya weusi. Nyuki anayetegemea mwanga tu angechanganya buluu na kijivu mojawapo. Hapa vilitengenezwa vibao vinne vya kijivu, kutoka cheusi hadi cheupe, na kila kimoja kikashindanishwa na buluu mara mbili. Majaribio hayo manane hayakuwa na tuzo, na yaliingizwa mawili katika kila 10 ya kawaida. Ukiyalipa unafundisha upya badala ya kupima. Ukiyapanga yote pamoja samaki anagundua kwamba leo hakuna malipo na anaacha kazi. S3 alichagua buluu mara 7 kati ya 8. Anayebahatisha hufikia 7 au zaidi kwa nafasi 9 katika 256.

Kwa nini S3 peke yake? Jibu lilikuwa mkononi muda wote. Mrija wa tangi la tatu ulikuwa mkuukuu, umepauka rangi ya maziwa, hauonyeshi kilichomo, na kibanio chake kilikaza bila kuvuja. Si kwamba S3 ana akili kuliko wenzake. Yeye hakuoneshwa majibu.

Jinsi ishara ya mapema inavyoifunika ya baadaye

Kinachoshangaza wengi ni kwamba S1 aliona buluu na chakula pamoja zaidi ya mara 150 na bado hakujifunza buluu. Kama kujifunza kungekuwa ni kukutanisha vitu viwili tu, hilo lisingewezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Leon Kamin aliwafundisha panya kwamba mlio fulani hufuatwa na mshtuko mdogo wa umeme. Kisha akaongeza taa juu ya mlio uleule, mshtuko ukabaki uleule. Alipoipima taa peke yake, panya karibu hawakuijali. Mlio ulikwisha kusema kila kitu, taa haikuongeza habari. Robert Rescorla na Allan Wagner waliliandika wazo hilo kwa fomula mwaka 1972: mnyama hujifunza kwa kadiri tokeo linavyomshangaza, na asiposhangaa hajifunzi.

Turudi Kibirizi. Wiki nzima kabla ya vibao, mrija wenye mchuzi uliwafundisha samaki kwamba chakula kipo hapa. Buluu ilipokuja ilikuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Kama mirija na vibao vingeanza siku moja, huenda samaki wangegawana usikivu kati ya viwili hivyo, ingawa mrija ungeshinda kwa kuwa karibu zaidi na mdomo. Wiki ya kuzoeza haikuwa kosa kwa yenyewe. Kosa ni kuzoeza kwa kutumia kitu ambacho baadaye kitatofautisha jibu.

Taa, na namna ya kuiharibu mara mbili

Palikuwa na ishara nyingine ambayo hadi hapa haikutajwa: taa ndogo ya kijani juu ya tangi. Iliwashwa kizuizi kikipanda na kuzimwa jaribio likiisha, "kuwaita samaki". Kwa kuwa iliwaka samaki akipatia na akikosea, kuhusu rangi haikumwambia lolote.

Taa hiyohiyo ingeweza kuwa msaada mkubwa, maana kati ya samaki kugusa kibao na mchuzi kutoka palipita sekunde 3 hadi 5: kufungua kibanio, kusukuma bomba. Ni muda mfupi kwa mlishaji na mrefu sana kwa somo. Mwaka 1948 G. Robert Grice aliwafundisha panya kutofautisha nyeusi na nyeupe akichelewesha chakula kwa viwango mbalimbali. Waliolipwa papo hapo walijifunza upesi. Kwa sekunde 5 walihitaji mamia ya majaribio. Kwa sekunde 10 wengine hawakufaulu kabisa. Lakini panya waliopita nyeusi au nyeupe na kuingia kwenye kisanduku cha rangi hiyohiyo kusubiri chakula waliumia kidogo kwa ucheleweshaji. Kitu kilichokwisha kuhusiana na chakula kilikaa pale kati ya uchaguzi na tuzo na kuvusha habari.

Kwa hiyo katika mafunzo mapya taa ilitakiwa kuwaka baada ya mguso sahihi, si kabla. Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa na kasoro yake: waliweka taa mbili, kila moja kando ya kibao. Siku ya nne S2 aliacha kugusa vibao akaanza kuuma taa. Paul Brown na Herbert Jenkins walionyesha mwaka 1968 kwamba njiwa hudonoa kitufe kinachowaka kabla ya chakula hata kama kudonoa hakuongezi punje moja. Ishara ya chakula huvuta mdomo. Mng'aro unaweza hata kupindisha uchaguzi: mwaka 2016 Michael Barrus na Catharine Winstanley waliripoti kwamba panya wa maabara walioongezewa taa na milio kwenye ushindi katika mchezo wa kubahatisha walielekea zaidi kwenye machaguo ya hatari yasiyo na faida. Taa ya tuzo si pambo la kuongezwa ili zoezi lipendeze.

Mwishowe ilibaki taa moja, katikati, nyuma ya mahali pa kuanzia, mbali na vibao vyote viwili. Huwaka ndani ya nusu sekunde ya mguso wa buluu na hukaa hadi mchuzi utoke. Njano haiwashi kitu.

Mafunzo mapya

Mirija yote, ya buluu na ya njano, hujazwa mchuzi na kuzungushiwa utepe mweusi hadi sm 1 kutoka kwenye ncha. Mlishaji hukaa nyuma ya boksi lililofunguliwa, anaona kupitia simu. Orodha ya pande huandikwa na mtu mwingine usiku uliotangulia kwa kanuni ambazo Louis Gellermann alizipendekeza mwaka 1933: kushoto na kulia sawa kwa idadi, upande mmoja usizidi mara tatu mfululizo, na asiyejua rangi bali anabadilisha upande kila mara asipate zaidi ya nusu. Usiandike orodha kichwani mwako papo hapo. Mkono wa binadamu hupenda kubadilishabadilisha, na samaki ataugundua.

S5 alihitaji dawa yake. Akikosea, jaribio lilelile lilirudiwa bila kuhamisha vibao hadi apatie, ili kushoto kusimlipe bila jasho. Katika alama iliingia chaguo la kwanza tu. Ukiyahesabu marudio utamfaulisha mtu ambaye hajui kitu. Siku sita za mwanzo aliganda palepale. Ya saba alikwenda kulia mara 4, na baada ya hapo tabia ile ilivunjika upesi.

S1 alifuzu siku ya 9 ya mafunzo mapya, S4 siku ya 11, S2 siku ya 14 (siku nne alizipoteza kwenye taa), S5 siku ya 17. S6, baada ya jiwe la hewa kuchemshwa kwenye siki na kusafishwa, alikula vizuri, lakini alianzishwa upya na matokeo yake hayakuchanganywa na ya wengine. S3 hakurudiwa kufundishwa.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kuzima taa. Ishara inayokuja kabla ya uchaguzi ikiondolewa, alama huporomoka siku hiyohiyo, kama ilivyotokea siku ya 12. Inayokuja baada ya uchaguzi ikiondolewa, uchaguzi haubadiliki na kinacholegea ni bidii. Katika siku tano bila taa S1, S2, S4 na S5 hawakushuka chini ya 16. S2 alianza kuchukua karibu sekunde 7 kutoka kwenye kizuizi hadi kwenye kibao, badala ya 4, na mara mbili aligeuka nyuma kutazama mahali taa ilipokuwa kabla ya kurudi kula.